Kurithi Ugonjwa au Kurithi Uwezekano? Jeni na Ugonjwa wa Parkinson katika Jamii Mbalimbali

Utangulizi

Mwanafunzi anayesomea Kiswahili katika chuo kikuu aghalabu hudhani kwamba kazi yake itaishia kwenye fasihi, sarufi na isimu. Hata hivyo, wahitimu wetu wengi huitwa kutafsiri vipeperushi vya afya, kufanya ukalimani hospitalini, na kueleza kwa Kiswahili mambo ambayo wataalamu wameyasoma kwa lugha nyingine. Miongoni mwa maeneo yanayowatatiza zaidi ni elimu ya jeni. Daktari anaposema kwamba ugonjwa fulani "unahusiana na urithi", mkalimani hana budi kuchagua maneno, na maneno atakayoyachagua ndiyo yatakayobaki katika masikio ya familia. Akisema "ugonjwa huu ni wa ukoo wenu", huenda binti wa mgonjwa akakosa mchumba. Akisema "hamna hatari yoyote", huenda dalili za kwanza za ndugu mwingine zikapuuzwa kwa miaka.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jeni zinavyohusiana na ugonjwa wa Parkinson katika jamii mbalimbali za dunia. Tumeuchagua ugonjwa huu kwa sababu historia yake inaonyesha wazi mambo matatu. Kwanza, kwa wagonjwa walio wengi, kinachorithiwa si ugonjwa wenyewe bali ni uwezekano wa kuupata. Pili, uwezekano huo hutofautiana baina ya jamii kwa sababu ya historia ya vizazi, wala si kwa sababu ya rangi ya ngozi. Tatu, jamii ambayo jeni zake hazijasomwa haipaswi kuambiwa kwamba haina hatari.

Ugonjwa wenyewe

Mwaka 1817 daktari mmoja wa London, James Parkinson, alichapisha kitabu kidogo kuhusu watu sita waliokuwa wakitetemeka mikono, wakiinama mbele na kutembea kwa hatua fupi za haraka. Baadaye katika karne hiyohiyo, daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alipendekeza ugonjwa huo uitwe kwa jina la Parkinson, na jina hilo likashika.

Dalili zake kuu ni kutetemeka kwa mkono au mguu wakati umetulia, kukakamaa kwa misuli, kupungua kwa kasi ya mwendo, na baadaye kupoteza mizani ya mwili. Zipo pia dalili ambazo mwalimu anaweza kuzitambua mapema kwa mwenzake: mwandiko unaoanza kuwa mdogo kadiri mstari unavyosonga mbele, sauti inayofifia darasani, na uso usioonyesha hisia kama zamani. Baadhi ya wagonjwa hupoteza uwezo wa kunusa miaka kadhaa kabla ya kuanza kutetemeka.

Chanzo cha dalili hizo ni kufa kwa seli za neva katika sehemu ndogo ya ubongo wa kati yenye rangi nyeusi. Seli hizo hutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Ndani ya seli zinazobaki huonekana vibonge vya protini iitwayo alfa-sinukleini. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, lakini dawa ya levodopa, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1960, hupunguza dalili na kumwezesha mgonjwa kuendelea na shughuli zake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Wengi wao huanza kuugua baada ya umri wa miaka 60. Kwa hiyo, kadiri watu wanavyoishi miaka mingi zaidi, ndivyo idadi ya wagonjwa inavyoongezeka. Hili linazihusu nchi zetu pia.

Upande wa Afrika Mashariki, utafiti unaojulikana sana ni ule uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2008. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye wakazi 161,071, wakakuta wagonjwa 33, yaani takribani 20 kwa kila watu 100,000. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mganga wa hospitali kwamba wana ugonjwa wa Parkinson. Utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba wananchi waliuita ugonjwa wa kutetemeka. Jina walikuwa nalo, ila maelezo ya chanzo chake na matibabu yake hayakuwa yamewafikia.

Jeni ni maandishi

Kwa walimu wa lugha, njia rahisi ya kuielewa jeni ni kuiona kama maandishi. Ndani ya karibu kila seli ya mwili mna DNA, uzi mrefu ulioandikwa kwa "herufi" nne tu: A, C, G na T. Jeni ni sehemu ya uzi huo yenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani. Kila mtu ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Maandishi hayo yanaponakiliwa kutoka kizazi kimoja hadi kingine, mara chache herufi hubadilika. Mabadiliko mengi hayana madhara yoyote, kama vile mtu kuandika "sababu ya kwanza" mahali pa "sababu ya awali". Machache hubadili maana.

Mabadiliko yanayohusiana na Parkinson tunaweza kuyagawa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la mabadiliko adimu yenye nguvu kubwa, ambayo huweza kuleta ugonjwa katika ukoo mmoja kizazi baada ya kizazi. Kundi la pili ni la mabadiliko yanayopatikana kwa watu wengi zaidi lakini kila moja huongeza uwezekano kidogo tu. Ni sehemu ndogo ya wagonjwa, takribani asilimia 5 hadi 10, ambao ugonjwa wao unaweza kuelezwa kwa jeni moja. Waliobaki wameupata kutokana na mchanganyiko wa umri, mabadiliko mengi madogomadogo ya jeni, na mambo ya mazingira kama vile baadhi ya viuatilifu vya shambani.

Badiliko la kwanza la aina hii liligunduliwa mwaka 1997 katika ukoo mmoja wenye asili ya Contursi, kusini mwa Italia, na katika familia tatu za Ugiriki. Lilikuwa katika jeni ya SNCA, ambayo ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza alfa-sinukleini, ile protini inayojirundika kwenye seli. Mwaka 1998 watafiti wa Japani waligundua jeni iliyoitwa parkin. Hii huwapata hasa vijana, na mtu huugua pale tu anapokuwa na mabadiliko katika nakala zote mbili, ya baba na ya mama. Wazazi wenyewe, wenye nakala moja moja, aghalabu huwa wazima. Hapa msemo wetu wa "mtoto wa nyoka ni nyoka" haufai hata kidogo!

Neno la Kibaski na kosa linalonakiliwa

Mwaka 2004 iligunduliwa jeni nyingine, LRRK2, ambayo imekuwa mojawapo ya jeni muhimu zaidi katika ugonjwa huu. Kundi mojawapo la watafiti lilikuwa limechunguza familia za Wabaski wa kaskazini mwa Hispania na familia ya Uingereza. Walipotafuta jina la protini inayotokana na jeni hiyo, waliiita dardarin, kutoka neno la Kibaski dardara, lenye maana ya kutetemeka. Ni mfano mzuri kwa wanafunzi wetu wa uundaji wa istilahi: sayansi ilichota neno kutoka lugha ndogo isiyo na udugu na lugha jirani zake, na neno likafaa.

Badiliko mashuhuri zaidi katika jeni hiyo huitwa G2019S. Msomaji asidhani kwamba 2019 hapa ni mwaka. Protini hii ni mnyororo wa viungo 2,527 vinavyoitwa asidi amino. Katika kiungo cha 2,019, glisini, inayoandikwa G, imechukuliwa nafasi na serini, inayoandikwa S. Badiliko hilo huifanya protini ifanye kazi kupita kiasi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulishangaza wengi. Miongoni mwa wagonjwa wa Parkinson wenye asili ya Kiarabu cha Afrika Kaskazini, yaani watu wa nchi za Maghreb, takribani 4 kati ya 10 walikuwa na badiliko la G2019S. Mwaka huohuo ilionekana kwamba kwa Wayahudi wa Ashkenazi lilipatikana kwa takribani wagonjwa 18 kati ya 100. Kwa wagonjwa wa Ulaya kwa jumla ni 1 au 2 hivi kati ya 100. Katika nchi za Asia ya Mashariki ni nadra mno. Uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa wa Nigeria, Ghana na Zambia haukulikuta kabisa.

Je, tofauti hiyo imetoka wapi? Mwalimu anayesahihisha mitihani anajua jibu. Akikuta watahiniwa watatu wameandika neno moja kwa tahajia ileile ya ajabu, atashuku. Lakini akiona pia kwamba sentensi zilizolitangulia na zilizolifuata neno hilo zinafanana neno kwa neno, hana shaka tena: wote wamenakili kutoka chanzo kimoja. Ndivyo ilivyo kwa G2019S. Wanasayansi walipoziangalia herufi za DNA zilizo jirani na badiliko hilo, waliona kwamba Waafrika ya Kaskazini, Wayahudi wa Ashkenazi na Wazungu wengi walio nalo wana mpangilio uleule wa herufi pembeni yake. Maana yake ni kwamba wote wamelirithi kutoka kwa babu mmoja wa zamani sana. Pale ambapo wazao wake waliongezeka na kuoana wao kwa wao, badiliko likawa la kawaida. Pale ambapo hawakufika, halipo.

Asia ya Mashariki ina hadithi yake katika jeni hiyohiyo. Kwa Wachina na majirani zao, mabadiliko mawili yaitwayo G2385R na R1628P hupatikana kwa watu wengi kiasi, wagonjwa kwa wazima, na kila moja hukaribia kuongeza uwezekano wa kuugua maradufu. Kwa Wazungu mabadiliko hayo hayaonekani. Kwa hiyo, kipimo kinachotafuta G2019S pekee kingefaa Algiers, kingesaidia kidogo Stockholm, na kisingekuwa na faida Taipei wala Accra. Tatizo si ubora wa kipimo. Kipimo kimetengenezwa kutokana na maandishi ya watu wengine.

Ni muhimu kusisitiza kwamba hata mtu mwenye G2019S hana hukumu ya kuugua. Wapo wengi wanaolibeba badiliko hilo hadi uzeeni na kufariki kwa sababu nyingine bila kutetemeka hata siku moja.

Jeni ya GBA1: ugonjwa mmoja wafunua mwingine

Jeni ya pili inayotuhusu ni GBA1. Hii ina maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachovunjavunja aina fulani ya mafuta ndani ya lisosomu, yaani vifuko vya seli vinavyofanya kazi kama jaa la kusafishia taka. Mtu mwenye mabadiliko makubwa katika nakala zote mbili hupata ugonjwa wa Gaucher, uliopewa jina la daktari Mfaransa Philippe Gaucher aliyeueleza mwaka 1882. Wengu na ini huvimba, na mifupa hudhoofika.

Madaktari waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa wa Gaucher nchini Marekani waligundua jambo ambalo halikuwa limetarajiwa: baadhi ya wagonjwa hao, pamoja na ndugu zao wenye nakala moja tu ya badiliko, walikuwa wakitetemeka. Mwaka 2009 vituo 16 vya utafiti kutoka mabara manne viliunganisha takwimu zao, zenye wagonjwa 5,691 wa Parkinson na watu wazima wa afya 4,898. Ilithibitika kwamba mabadiliko ya GBA1 hupatikana mara nyingi zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa watu wasiougua. Mabadiliko mawili yaliyotafutwa katika vituo vyote yalikutwa kwa asilimia 15 ya wagonjwa wa Kiyahudi wa Ashkenazi, lakini kwa asilimia 3 tu ya wagonjwa wengine.

Lakini hesabu hiyo ya pili ilikuwa na mtego. Baadhi ya vituo vilipoacha kutafuta yale mabadiliko mawili tu na kuisoma jeni yote kwa wagonjwa wasio Waashkenazi, asilimia ilipanda kufikia 7. Yaani wengi wenye mabadiliko walikuwa wamejificha, kwa sababu orodha ya kutafutia ilikuwa imetungwa kwa kuwaangalia watu wa jamii nyingine.

Lagos na Agosti 2023

Kwa muda mrefu, utafiti mkubwa wa jeni za Parkinson ulikuwa ni utafiti wa Wazungu. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulibainisha alama 90 katika DNA zinazohusiana na uwezekano wa kuugua, lakini watu waliochunguzwa walikuwa wenye asili ya Ulaya. Wasomaji wengi wasio makini wangeweza kuhitimisha kwamba alama hizo 90 ni za wanadamu wote.

Jibu lilikuja Agosti 2023, katika jarida la Lancet Neurology. Watafiti wa Nigeria, wakiongozwa na Profesa Njideka Okubadejo wa Chuo Kikuu cha Lagos, walishirikiana na Dkt. Mie Rizig wa chuo kikuu cha UCL cha London pamoja na wenzao wa Marekani. Walichambua DNA za wagonjwa 1,488 na watu wasiougua 196,430, wote wakiwa Waafrika au wenye asili ya Afrika. Walikuta badiliko moja katika jeni ya GBA1, linaloitwa kwa namba rs3115534, ambalo kwa Wazungu na Waasia ni nadra mno. Takribani wagonjwa 4 kati ya 10 walikuwa na angalau nakala moja. Mwenye nakala moja alikuwa na uwezekano wa kuugua wa takribani mara moja na nusu kulinganisha na asiye nayo, na mwenye nakala mbili takribani mara tatu na nusu.

Kwa nini badiliko lililo kwa watu wengi kiasi hicho halikuonekana mapema? Sababu ya kwanza ni hiyo tuliyokwisha kuitaja: halikutafutwa mahali lilipo. Sababu ya pili itawavutia walimu wa sarufi. Tutazame sentensi hizi mbili:

Mtoto alisema baba amerudi.
Mtoto, alisema baba, amerudi.

Maneno ni yaleyale na kwa mpangilio uleule, ila alama za uandishi zimebadili nani amerudi. Mabadiliko ya GBA1 yaliyojulikana awali yalikuwa ya "maneno": yalibadili kiungo cha kimeng'enya. Hili la Afrika halibadili kiungo chochote. Katika jeni mna vipande ambavyo seli hutakiwa kuvikata na kuvitupa kabla ya maelekezo kutumika, na ndani ya vipande hivyo mna alama inayoonyesha mahali pa kukata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulieleza kwamba badiliko hili huiharibu alama hiyo. Baadhi ya nakala za maelekezo hubaki na kipande kisichotakiwa, hazifai tena, na kiasi cha kimeng'enya hupungua. Aliyekuwa akisoma maneno tu, bila kutazama alama, asingeweza kuliona.

Tahadhari mbili kwa wanaisimu

Wanafunzi wetu wanajua kwamba wanaisimu wengi huiweka asili ya lugha za Kibantu katika eneo la mpaka wa Nigeria na Kamerun. Kwa hiyo kuna kishawishi cha kusema: "Basi lililokutwa Lagos ni letu pia, kwa kadiri ileile." Hapana. Lugha husafiri pamoja na watu, lakini pia husafiri bila watu. Mtu huweza kujifunza lugha ya jirani, lakini hawezi kujifunza jeni ya jirani. Afrika ndilo bara lenye tofauti nyingi zaidi za jeni duniani, na idadi iliyohesabiwa Lagos haiwezi kuhamishiwa Kampala, Bujumbura au Kigoma bila kuhesabu upya. Ndiyo maana ipo mipango ya kuongeza maeneo ya utafiti. Mradi wa TraPCAf, kwa mfano, unahusisha nchi saba za Afrika, zikiwemo Kenya na Tanzania. Nao mpango wa kimataifa wa GP2 ulianzishwa kwa lengo la kuchunguza DNA za watu zaidi ya 150,000 kutoka pande zote za dunia.

Tahadhari ya pili inahusu neno "rangi". Mtu wa Algiers na Myahudi wa asili ya Poland huweza kubeba badiliko moja la LRRK2, ilhali mtu wa Algiers na mtu wa Accra, wote Waafrika, hawalishiriki. Kwa hiyo hakuna "jeni ya Parkinson ya watu weusi" wala "ya weupe". Kuna mabadiliko yenye historia, na kila moja lina njia yake.

Jambo hili si la nadharia tu. Dawa mpya zinazolenga LRRK2 na GBA1 zinaendelea kujaribiwa, na wanaoingizwa katika majaribio kama hayo huchaguliwa wakati mwingine kwa kuangalia jeni zao. Jamii ambayo mabadiliko yake hayamo katika orodha ya vipimo huachwa nje ya majaribio leo, na huenda ikaachwa nje ya matibabu kesho.

Tutumie maneno gani?

Turudi sasa kwenye kazi yetu. Tunapendekeza walimu na wanafunzi wayazingatie mambo yafuatayo wanapotafsiri au kukalimani habari za jeni.

1. Tuseme "badiliko la jeni", si "kasoro" wala "dosari". Mwenye kasoro huonekana pungufu mbele ya watu. Mwenye badiliko ni sawa na sisi sote, kwani kila mmoja wetu ana mabadiliko mengi.

2. Tutofautishe "hatari" na "uwezekano". Neno "hatari" humfanya msikilizaji aone jambo baya likimjia, kama simba njiani. Pale takwimu zinapozungumzwa, "uwezekano" ni neno la haki zaidi.

3. Tusiishie kwenye "mara moja na nusu". Tuchukue mfano wa kubuni: katika kundi fulani, watu 10 kati ya 1,000 wasio na badiliko wataugua. Kwa wenye nakala moja, wataugua takribani 15 kati ya 1,000, na 985 hawataugua. Kwa wenye nakala mbili wataugua takribani 35, na 965 hawataugua. Familia inayosikia hesabu hii hupumua. Inayosikia "mara tatu na nusu" pekee huenda ikalia.

4. Tuepuke "ugonjwa wa ukoo" kwa jumla. Tuseme "katika ukoo huu kuna badiliko linaloongeza uwezekano". Sentensi ni ndefu zaidi, lakini haimwekei mtoto alama usoni.

5. Tusigeuze "halijaonekana" kuwa "halipo". Kipimo kikitoa jibu kwamba mabadiliko yaliyotafutwa hayakuonekana, tafsiri sahihi ni hiyohiyo. Si "huna jeni ya ugonjwa", wala si "hutaugua". Yale ya GBA1 mwaka 2009 na ya Lagos mwaka 2023 yametufundisha tofauti ya sentensi hizo.

6. Tulitumie jina "ugonjwa wa kutetemeka" kwa uangalifu. Ni jina la wananchi wenyewe na linaeleweka upesi. Lakini si kila anayetetemeka ana Parkinson, na wapo wagonjwa wa Parkinson ambao hawatetemeki, bali hukakamaa na kuwa wazito wa mwendo. Inafaa kutumia majina yote mawili pamoja: "ugonjwa wa Parkinson, ambao wengi huuita ugonjwa wa kutetemeka".

Hitimisho

Tumeona kwamba jeni zinazohusiana na Parkinson hazikugawanywa sawasawa duniani. Zimefuata ndoa, uhamaji na vizazi, kama maneno yanavyofuata misafara na masoko. Tumeona pia kwamba kile ambacho sayansi haikukisoma ilikaribia kukiita kitu kisichokuwepo, mpaka Wanigeria waliposhiriki kusoma maandishi yao wenyewe.

Mwalimu wa Kiswahili hatibu seli za ubongo. Hata hivyo, yeye ndiye anayemfundisha mkalimani atakayesimama kati ya daktari na mzee ambaye mkono wake umeanza kutetemeka. Mzee huyo akiuliza, "Je, nimewarithisha wanangu ugonjwa huu?", mkalimani aliyefundishwa vyema ataifikisha sawasawa kauli ya daktari: "Huenda umewarithisha uwezekano, mzee wetu. Ugonjwa wenyewe ni jambo lingine, na wengi wao huenda wasiuone kamwe." Kauli hiyo ni ya kweli, na ni ya huruma pia.

Maswali ya mjadala darasani

1. Jadili tofauti ya maana kati ya "kurithi ugonjwa", "kurithi badiliko" na "kurithi uwezekano". Tunga sentensi moja kwa kila moja.

2. Neno dardarin lilitokana na neno la Kibaski lenye maana ya kutetemeka. Pendekeza istilahi ya Kiswahili iliyoundwa kwa njia hiyohiyo kwa dalili moja ya Parkinson, kisha ulinganishe na neno la lugha yako ya kwanza.

3. Tafsiri kwa maneno ya kila siku, yasiyozidi 60, habari ya badiliko la GBA1 lililochapishwa mwaka 2023, ukimlenga msikilizaji ambaye hakusoma sayansi.